Haki ya Mzee Iko Wapi?

Katika nyumba zetu za pwani iko fahari moja tunayoipenda sana. Twasema: sisi hatuwatupi wazee wetu. Wazungu ndio wenye kuwapeleka wazazi wao katika majumba ya kulelea wazee. Kwetu sisi mama huzeekea barazani pake, akizungukwa na wajukuu. Maneno haya ni mazuri, na laiti yangekuwa kweli kwa kila mzee. Lakini Sebleni na Welezo ziko Unguja, Limbani iko Pemba, Mwanzange iko Tanga na Nunge iko Kigamboni. Zote ni nyumba za wazee, na waliomo ni jamaa zetu.

Basi swali letu si kama nyumba hizo ziwepo au zisiwepo. Twauliza hivi: mzee anayeingia humo, au anayebaki peke yake kijijini, ana haki gani anayoweza kuidai mbele ya hakimu?

Tuitazame kwanza Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Inasema kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Hapa twaisifu, maana inakubaliana na yale tuliyofunzwa. Lakini sera ni ahadi tu. Mzee akinyimwa kilichoahidiwa, hawezi kuichukua sera mkononi akamshitaki aliyemnyima.

Labda tukimbilie Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 11 inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Msomaji atafurahi. Na arudi nyuma kidogo, kwenye Ibara ya 7, atakuta kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiwa nguvu na mahakama yoyote. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto umezuia.

Ili tusiseme hewani, tuchukue mfano. Huko Nsemulwa, kata ya mji wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, na tumdhanie bibi kizee aliyefiwa na mume na watoto. Amepika kwa kuni umri wake wote, na moshi umeyafanya macho yake mekundu. Sote twajua macho hayo yamewaletea vikongwe balaa gani katika mikoa ya magharibi na ya ziwa: wameitwa wachawi, na wengi wameuawa kwa mapanga. Usiku bibi huyu hapati usingizi kwa kusikiliza mlango. Akimbilie wapi? Makazi ya Serikali ya upande ule ni Ipuli, Tabora, na Kibirizi, Kigoma. Kwenda Ipuli ni safari ndefu ya treni kupitia Kaliua, na ni kuliacha kaburi la mume na shamba ambalo huenda ndilo lililomponza.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ikabaki vitabuni baada ya uhuru, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayedhaniwa mchawi akae mahali atakapopangiwa. Tazama ajabu hii! Sheria ya kumhamisha bibi ilipatikana mapema; lakini tangu Sera ya 2003 ilipita miaka 20 na Bara haikupata sheria ya kuwalinda wazee.

Wako watakaosema kwamba kudai haki namna hii ni mambo ya kigeni. Sivyo. Katika fiqhi, nafaka ya wazazi mafukara ni wajibu wa mtoto mwenye uwezo, na kadhi anaweza kumlazimisha. Tena imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba njiani kwa sababu ya uzee, haja na jizya. Alimchukua mpaka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Hakuishia hapo, alimwamuru mtunza Baitul Mali amwondolee jizya yule mzee na wote walio mfano wake, na awape cha kuwatosha. Yaani sadaka ya mtu mmoja iligeuka kuwa kanuni ya dola, wala dini yake haikuwa kizuizi.

Na jambo hili linawezekana leo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Kenya, katika Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010, imeiweka haki ya mzee ya heshima na matunzo ndani ya sura ya haki ambazo raia anaweza kuzipeleka mahakamani. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee ulipitishwa mwaka 2016, ukaanza kufanya kazi 2024 baada ya nchi 15 kuuridhia. Huo unataka makazi ya wazee yawe na viwango vinavyojulikana, na mzee aingie kwa hiari. Na tena unataka alindwe na tuhuma za uchawi.

Lakini tusiilaumu Serikali peke yake, ndugu msomaji. Je, yule mama yetu aliyefungiwa chumba cha uani, ambaye pensheni yake huchukuliwa na mwanawe na hakuna amuulizaye amekula nini, yu bora kuliko aliye Sebleni? Suratul Israa imekataza hata mguno wa kuchoshwa na mzazi. Misikiti yetu ina kamati za maziko zenye bidii kubwa. Sanda hupatikana kwa saa moja. Bibi wa Nsemulwa angekuwa mtaani petu, je, tungemfikia akingali hai?