Kadi Inayojitaja Jina Mlangoni

Pii! Simu imelia na maandishi yamejitokeza: mgeni 7, watu 2, meza ya 3. Data nimezima. Laini nimeitoa kabisa na kuiweka mezani mbele ya mashahidi, mtu asije kusema nimefanya ujanja. Na bado imesoma! Nimeielekeza kwenye kadi ya pili, pii! Ya tatu, pii! Siku mbili hizi hapa Kasongo, Maniema, nimekuwa kama mtoto aliyepewa filimbi, na watu wa nyumbani wameanza kunikimbia.

Ninachokisifia ni msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoto vyeusi mliouona kwenye maboksi ya dawa na chaja. Mpwa wangu anaolewa Kabambare, nami kwenye kamati nimepewa kadi za mwaliko na mlango. Mlango! Aliyewahi kusimama kwenye mlango wa arusi ya kwetu anajua. Vijana wa protokole wana daftari moja na tochi moja, mvua inatishia, watu arobaini wamefika kwa mkupuo, kila mmoja ni "wa upande wa bwana arusi", na jina lake liko ukurasa ambao kijana bado anautafuta. Kumbe mraba huu unalimaliza hilo kwa mlio mmoja!

Yaya yangu, ambaye ndiye mama wa bibi arusi, alinisikiliza kwa subira kisha akaniuliza swali moja tu: "Na wazee wasio na simu ya kugusa, watalala nje?"

Yaya, hapo ndipo utamu ulipo! Mgeni hahitaji simu hata kidogo. Anakuja na karatasi yake mfukoni kama zamani. Simu ni moja, ya mlangoni. Na mtandao pia hauhitajiki, kwa sababu maneno yenyewe, namba ya mgeni, idadi ya watu na meza, yamo ndani ya vile vidoto. Simu haiendi kuyatafuta popote. Inayasoma palepale, kama wewe unavyosoma gazeti.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wataumia. Ukitengeneza mraba, programu itakuuliza unataka kuweka nini. Chagua maandishi. Huduma nyingi za intaneti zitakupendezea miraba ya rangi na nembo, ila ndani yake zinaweka anwani tu, na anwani hiyo inapitia kwenye kompyuta yao. Siku ya arusi mtandao ukigoma, mraba ni bubu. Muda wa majaribio ya bure ukiisha, mraba ni bubu pia, hata ukiwa umesimama chini ya mnara. Yangu niliitengeneza kwenye kompyuta ya sekretariati, pale tunapochapia barua na kutoa fotokopi, kwa LibreOffice, ambayo tangu toleo la 6.4 la mwaka 2020 ina kipengele cha kutengeneza msimbo wa QR. Bure, bila intaneti! Kasoro yake ni kwamba unatengeneza mmoja mmoja. Nimemaliza kadi kumi na mbili za majaribio na kidole kinauma. Zimebaki mia moja themanini na nane. Kijana wa kompyuta ameshaniuliza, "Yaya, tutalala hapa?" Huenda tukalala.

Tukaja kwenye jaribio nililolingoja kwa hamu: mawese. Maniema kadi hufika arusini ikiwa imepita jikoni. Nikadondosha tone katikati ya mraba, nikasugua kwa kidole, doa likatanda jekundu. Pii! Nikakunja kadi mara nne, nikaikunjua. Pii! Nikachora mstari wa kalamu ya bik juu yake. Pii, jamani! Siri ni kwamba maneno yale hayakuandikwa peke yake. Yameongezwa hesabu za kuyafidia, na ukichagua kiwango cha juu kabisa, mraba unaweza kupoteza hadi kama asilimia 30 ya maandishi yake na bado ukasomeka. Kisha nikafunika jicho moja kati ya yale matatu makubwa ya pembeni. Kimya. Macho hayo ndiyo yanayoiambia simu mraba uko wapi na umegeukia upande gani, na hayana wa kuyafidia. Basi tone likianguka, liombeeni lianguke katikati. Acheni pia ukingo mweupe kuuzunguka mraba. Mpambaji wa kadi atataka kuujaza maua, mkatalieni.

Aliyeubuni ni mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso ya Japani, mwaka 1994, na hakuwa akiwaza arusi wala tiketi. Kiwandani walihitaji kufuatilia vipuri vya magari, na misimbo ya mistari ilibeba herufi chache mno. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kwenye ubao wa mchezo wa Go, kete nyeusi na nyeupe. Kampuni ikaamua kutomdai mtu anayeutumia. Ndiyo maana mimi, hapa Kasongo, sijalipa chochote isipokuwa karatasi na mashine ya sekretariati. Mraba mdogo kabisa una vidoto 21 kwa 21, mkubwa 177 kwa 177, na kadiri unavyoandika maneno mengi ndivyo vidoto vinavyosongamana. Kwa hiyo andika kwa ubahili. Niliwahi kuingiza ratiba nzima, toka misa hadi keki, na mashine ya fotokopi yenye wino wa kijivu ikaivuruga yote.

Na fotokopi ndiyo inayonipa wasiwasi wa kweli. Kadi ikitolewa nakala, nakala inasomeka sawasawa na kadi mama! Mraba si kufuli, unataja namba tu. Akija mgeni 7 wa pili, simu itamsoma kwa furaha ileile. Kwa hiyo daftari halijafukuzwa kazi: lina namba moja hadi mia mbili, simu ikilia kijana anakata namba, namba iliyokwisha kukatwa haiingii. Kuitafuta namba ni kufumba na kufumbua, si kama kutafuta jina ambalo kila mtu analiandika kivyake. Na mlango uwe mmoja. Simu mbili kwenye milango miwili bila mtandao hazijuani. Kila moja itampokea mgeni wake wa saba.

Kasongo ni mji wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara, na Kiswahili chetu kilikuja na misafara ya karne ya 19, na zama hizo karatasi yenye herufi za Kiarabu ilihitaji mtu wa kukusomea. Leo nimeshika karatasi ambayo hakuna binadamu hapa anayeweza kuisoma kwa macho, shehe wala padri. Nilicheka peke yangu.

Programu ya kusomea nimeshawatumia vijana wa protokole kwa Bluetooth, maana simu nyingine za hapa kamera zake pekee hazitambui mraba. Usiku tumejaribu gizani: bila tochi haisomi, na ukiiweka tochi karibu mno karatasi inang'aa na haisomi vilevile. Umbali wa kiganja kimoja ndio ulioshinda. Kesho bahasha ya kadi kumi na mbili inapanda pikipiki kwenda Kabambare, imefungwa kwenye nailoni mbili kwa ajili ya matope, na ndani nimeongeza kadi ya kumi na tatu, ya dereva mwenyewe: mgeni 13, mtu 1, meza ya jikoni.