Mshono wa Maji Moto

Ukiona majani mabichi ya mwembe yameshikanishwa kama kifurushi, simama hatua mbili mbali. Maji moto, chungu mwenye kiota hicho, ana macho makubwa kwa aina yake, na mkono unaosogea tu unamtosha kuinua kichwa na kupanua taya. Wachuma karafuu wa Unguja na Pemba wanamjua kwa maumivu: huuma, kisha humwagia asidi palepale alipouma. Mimi humsogelea hivyo hivyo, kwa ajili ya mshono wake.

Kazi huanza kwa kujaribu. Chungu hutawanyika kwenye kingo za majani, kila mmoja akivuta mahali pake. Pengi jani hukataa. Panapokubali kukunjika, hata kidogo, walio karibu huacha pao wakaja kuvuta hapo, mpaka wanajipanga safu moja, bega kwa bega. Hakuna msimamizi, jani lenyewe ndilo linalowaelekeza. Nimetazama hatua hii mara nyingi kuliko zote, na bado sijaichoka.

Pengo likizidi urefu wa mwili mmoja, hushikana viunoni, huyu akimng'ata yule, wakawa mnyororo hai unaoning'inia hewani na kufupishwa polepole. Nyayo zao nazo ni ajabu: ndugu zao wa Asia wamepimwa wakishikilia, kichwa chini kwenye kitu laini, mzigo unaozidi uzito wao mara 100.

Kisha huletwa uzi. Chungu hutoka na buu taya likilishika nyuma kidogo ya kichwa, buu limejikaza kama sindano. Hugusisha kichwa cha buu kwenye ukingo wa jani hili, hariri ikanata. Huvuka hadi jani la pili, akagusisha tena. Huku na huku, na njiani anapapasa kwa vipapasio vyake, mpaka kitambaa cheupe kinaziba ufa. Mshona kofia yeyote angeutambua mwendo huo wa mkono.

Wakulima wa minazi na mikorosho wananufaika na ulinzi wa chungu hawa, maana huwawinda wadudu wanaofyonza nazi changa na machipukizi. Ufundi wenyewe ni wa kale mno. Kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria, lilipatikana kundi la jamaa zao lililogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, wakubwa kwa wadogo, pamoja na watoto wao.

Lakini ninapotazama kiota kikikamilika, jicho langu hurudi kwa buu. Kwa chungu wengi, hariri ni ya buu kujifumia kifuko cha kulala linapogeuka kuwa chungu kamili. Buu la maji moto limeimaliza yote kwenye nyumba. Hulala bila kifuko, mwili wazi, ndani ya majani liliyoyashona.