Kinjeketile na Somo la Kushauriana

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomeshwa mno kama hadithi ya ushujaa. Mwanafunzi hukariri chanzo cha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, hutaja wahusika, kisha hufunga kitabu. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa iko kwingine: inawafunza watu wazima namna ya kushauriana.

Wanaobishana humo wote wanataka Mjerumani aondoke. Wapiganaji wana haraka, kwa kuwa maji yamewaondolea hofu na kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka. Kitunda, jemadari, anataka subira na mazoezi. Kinjeketile mwenyewe, aliyeyaleta maji, anaanza kuyaonea mashaka. Mwandishi hakumfanya yeyote kati yao kuwa mjinga, na hapo ndipo ulipo ubora wa kazi yake.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo zoezi moja, wengi wao wakiwa watu wazima wenye familia. Aliyemuunga mkono Kitunda aliwatetea wapiganaji, na aliyewaunga mkono wapiganaji alimtetea Kitunda. Sharti lilikuwa mpinzani wako akiri kwamba umeisema hoja yake kama ambavyo angeisema mwenyewe. Aghalabu iliwabidi warudie mara mbili tatu. Mtu mzima huipokea upesi nasaha ya kuheshimu mawazo ya mwenziwe. Kuyasema kwa kinywa chake ndiko kunakomtoa jasho.

Kasoro naiona upande wa wanawake. Tamthilia inaanza nao wakizungumzia shida ya chakula, lakini vita vinapoamuliwa sauti zao zimefifia. Niliwauliza wanachuo: wangeitwa barazani, wangesema nini? Jibu lilikuja upesi: wangeuliza watoto watakula nini. Swali hilo si dogo. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Mwishoni Kinjeketile anakataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, akiwafikiria watakaozaliwa baadaye. Je, alitenda haki? Darasa halikupata kuafikiana, nami sikuwaamulia. Kamati ya shule au ya ushirika hukabiliwa na maswali mazito vilevile, wala hapana mwalimu wa kuisahihishia. Heri wajumbe wake wawe wamekwisha kuzoea kusikilizana.