Sura ya Tano Tunayoiruka

Sikumbuki harambee ya kanisa ambayo Nehemia hakuitwa kuhudhuria. Mhubiri hufungua sura ya pili, tukamwona mnyweshaji wa mfalme akiomba ruhusa na miti ya kujengea, kisha tunarukia sura ya sita ambako ukuta unakamilika kwa siku 52, na bahasha zinapitishwa. Mahubiri ya namna hiyo nimeyasikia tangu utotoni, na mengine yalinijenga. Lakini tangu mafuriko ya mwaka 2024 nimekuwa nikikisoma kitabu hiki upya, na naona tumekigeuza kuwa kijitabu cha kuchangisha pesa. Nehemia ni kitabu cha watu waliopatwa na maangamizi, wanaojaribu kusimama tena kwa mali ya mtu mwingine. Kinauliza mali hiyo inakuja kwa masharti gani, nani anaisimamia, na mwishowe nani anailipa.

Wengi wetu hatujasahau. Kati ya Machi na Mei mwaka ule, mafuriko yaliua watu zaidi ya 280 nchini Kenya. Alfajiri ya Aprili 29, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka katika handaki lililo chini ya reli yalifumuka yakawashukia watu wakiwa wamelala. Mathare, Nairobi, nyumba za kando ya mto zilisombwa, na nyingine zilizosalia zikaangushwa na matingatinga. Familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja zikatafute pa kujisitiri. Aliyekata miti juu mlimani, aliyejenga reli na aliyelala bondeni si mtu mmoja. Tunaposema haki ya mazingira, kwangu mimi maana yake inaanzia hapo.

Sasa mtazame Nehemia akifika Yerusalemu. Ana barua za mfalme mkononi, moja ya kumpa miti kutoka msitu wa mfalme kwa mkono wa Asafu. Kwa lugha ya leo, ruzuku imeshapitishwa. Hata hivyo haiti mkutano siku ya kwanza. Anakaa siku tatu, kisha anatoka usiku na watu wachache, anazunguka magofu, na mahali pamoja mnyama wake anakosa hata pa kupita. Anataka kujua palivyobomoka kabla ya kusema patajengwaje. Kisha inakuja sura ya tatu, ambayo wasomaji wetu wa Jumapili huiogopa kwa sababu ya majina. Mimi nimejifunza kuipenda. Wamo makuhani, mafundi wa dhahabu, watengenezaji manukato, na Shalumu pamoja na binti zake. Wengi wao wanajenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Wakuu wa Watekoa wanakataa kuinamisha shingo zao kwa kazi, na mwandishi anaiandika aibu hiyo bila kuipunguza. Lakini Watekoa wa kawaida wanamaliza sehemu yao, halafu wanachukua ya pili.

Linganisha na fomu iliyoletwa kanisani kwetu baada ya maji kupungua. Kundi la akina mama waliokuwa wakipika uji kwa familia zilizolala ukumbini walitaka kuomba ruzuku ya kusafisha mtaro na kurudisha vibanda vyao vya mboga. Shirika lenyewe, ambalo sitalitaja, lilikuwa na nia njema. Fomu ilitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, cheti cha usajili, na maelezo ya “nadharia ya mabadiliko”. Akina mama walikuwa na daftari la kurasa 96, lenye jina la kila mtoto na kipimo cha unga wa kila siku, bila kosa hata moja la kujumlisha. Daftari halikukubaliwa. Fedha zikaenda kwa kundi la mjini lililojua kuandika, nalo likaja kutufundisha kunawa mikono.

Sisemi hesabu hazina maana; waliokula sadaka ya kanisa wanajulikana. Ninachokosoa ni kuamini karatasi kuliko watu. Wafadhili wakubwa wenyewe walilikiri kosa hili. Mwaka 2016, huko Istanbul, waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ingefika kwa mashirika ya nchi husika kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka ulifika, lengo likabaki mbali sana.

Na haki itendeke kwa yale yaliyofanywa vizuri. Kuanzia Isiolo, kisha Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, ulijaribiwa mtindo ambao kamati ya wadi, watu wa pale pale, wanakaa na kuchagua kama shida yao ni kisima, bwawa la mchanga au malisho. Mtindo huo ndio uliozaa mpango wa kitaifa uitwao FLLoCA. Mzee wa Isiolo anayejua ng'ombe walifia wapi katika ukame uliopita ana nafasi mezani. Hiyo ni sura ya tatu kabisa, na ningependa wahubiri wetu waitaje.

Lakini sura ya tatu haiwezi kusomwa bila ya tano, na ya tano ndiyo tunayoiruka. Katikati ya ujenzi kunazuka kilio. Wanaolia ni wajenzi na wake zao, na wanawalilia ndugu zao. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wamekopa walipe kodi ya mfalme yule yule aliyetoa miti. Binti zao wanatiwa utumwani. Ukuta unapanda, na anayeubeba anazama.

Fedha za Benki ya Dunia katika FLLoCA, dola milioni 150, zilitolewa kama mkopo. Masharti yake ni nafuu, lakini ni deni. Msumbiji nayo, baada ya kimbunga Idai kuipiga Beira mwezi Machi 2019, ilipewa na Shirika la Fedha la Kimataifa dola milioni 118, nazo pia mkopo. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayopasha dunia joto. Basi yule ambaye hakuuwasha moto anakopeshwa maji ya kuuzima. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulidaiwa kwa sababu hiyo, na kati ya mambo yaliyopiganiwa ni kwamba jamii zipate ruzuku ndogo moja kwa moja. Ahadi za awali zilizotolewa Dubai mwaka uliofuata zilikuwa za mamilioni ya mamia, kwa hasara inayohesabiwa kwa mabilioni.

Ningeishia hapa kama Nehemia angeishia kumlaumu mfalme. Hakufanya hivyo. Alikasirika, akawakusanya wakuu, na katika aya ya kumi anakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha. Akadai mashamba yarudishwe na riba irudishwe, siku ile ile. Kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho iliyokuwa haki yake, maana watu walikuwa wameelemewa.

Wale akina mama wa uji, ruzuku ilipokosekana, walikopa. Baadhi walikopa kwa simu. Wengine walikopa kwa watu wanaoketi viti vya mbele kanisani, kwa riba ya mwezi, na mmoja aliacha jiko lake la gesi kama dhamana. Nililijua jambo hilo wakati nikiwa katika kamati ya maendeleo ya kanisa, na ajenda yetu usiku ule ilikuwa rangi ya paa. Niliposoma aya ya kumi kwa sauti katika mkutano uliofuata, mzee mmoja aliuliza kama tunaweza kurudi kwenye ajenda. Mwingine, bila kusema neno, alinifuata nje akaniuliza yule mama anakaa nyumba gani, ampelekee jiko lake.