Kunde Kabla ya Mchicha: Kufufua Bustani ya Nyumbani Baada ya Mafuriko

Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Bustani ikifunikwa na maji Januari, hakuna vuli wala masika ya pili ya kumwokoa mwenye nyumba, na ndiyo maana watu hukimbilia jembe. Mvua za El Niño za 2023/24, zilizoua watu 155 nchini kwa hesabu iliyotolewa bungeni Aprili 2024, zilionyesha jinsi msimu mmoja unavyoweza kuharibu mashamba. Kurudisha udongo katika hali yake kuna mpangilio, na kosa kubwa hufanyika wiki ya kwanza.

Kosa hilo ni kulima udongo ungali umelowa. Udongo uliojaa maji huishiwa hewa ndani ya siku moja au mbili. Mizizi hukosa pumzi, na bakteria wasiohitaji hewa hugeuza naitrojeni kuwa gesi, ikapotea. Ukikanyaga na kulima wakati huo, unaziba vitundu ambavyo vingeuingizia hewa tena, na jua likiwaka unabaki na ardhi ngumu kama tofali. Finyanga tonge la udongo wa chini kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likisambaratika, ingia. Likibonyea tu, chimba mfereji pembeni na usubiri.

Tope lisilozidi sentimita tano au hivi linaweza kuchanganywa na udongo wa zamani. Lililo nene zaidi liondolewe. Tope lenye mawe na magogo, kama lile lililoshuka Mlima Hanang na kufunika Katesh Desemba 3, 2023, halichanganywi na kitu. Hapo panda kwenye viroba hadi eneo lisafishwe.

Singida ina jambo lake la ziada. Maziwa ya Singidani na Kindai ni ya magadi, na maji yaliyotuama mabondeni yakikauka huweza kuacha sodiamu, ambayo huvuruga mfinyanzi hadi usipitishe maji. Dondosha bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kulitikisa. Maji yakigeuka meupe kama tui pembeni mwa bonge, sodiamu inashukiwa. Dawa yake ni jasi, ambayo kalisiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, kisha maji safi ya kuisukuma chini. Jasi inachimbwa Itigi, ndani ya mkoa huohuo. Majivu, ambayo wengi humwaga bustanini kwa nia njema, huongeza ugadi, yaachwe.

Sasa cha kupanda. Kuna fangasi waitwao mikoriza, wanaoishi kwenye mizizi na kuiletea fosforasi. Bila mizizi hai na bila hewa, hupungua sana. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi, Marekani, mwaka 1993, mahindi ya msimu uliofuata yalidumaa na majani kuwa ya zambarau kwa kukosa fosforasi. Mchicha, sukuma wiki na chainizi karibu hazishirikiani na fangasi hawa. Kwa hiyo zitaota vizuri, zitampendeza mwenye bustani, na udongo utabaki vilevile. Kunde na mtama huwalisha na kuwazidisha. Zipewe samadi iliyooza kwa kuanzia, na kunde zirudishe sehemu ya naitrojeni iliyopotea. Mchicha ufuate baadaye.

Afya ya walaji nayo ina hesabu yake. Maji yaliyopita chooni yanachukuliwa kama samadi mbichi, na kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo. Unyambwa, siku hizo zikihesabiwa tangu mafuriko ya Januari humaliza mvua yote iliyobaki. Naona njia ya haki ni hii: mboga zilizokuwa shambani maji yalipoingia zitupwe, nyanya na matango ya kachumbari yangoje siku hizo, majani ya kunde yaliyopandwa upya yaliwe, mradi yamechemshwa vizuri. Palipomwagika mafuta au viuatilifu, kuchemsha hakusaidii, pasipandwe chakula hadi udongo upimwe.

Kunde zina faida nyingine: majani yake huchemshwa, huanikwa na kuliwa kiangazi chote. Maofisa ugani na wafadhili wanaogawa mbegu baada ya mafuriko, tafadhali, pakiti ya kwanza iwe ya kunde.