Mwenye Kauli Moto Ukiwaka

Duka au soko likiungua Tanzania, kamanda wa zimamoto wa mkoa husimama mbele ya maikrofoni na kusema: chanzo cha moto bado kinachunguzwa. Watu huguna, wakidhani anaficha jambo. Mimi kauli hiyo huiheshimu sana. Mtaani jibu limeshapatikana: hitilafu ya umeme, mtungi wa gesi, mkono wa mtu. Waandishi nao wanawahi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kamanda akikisia, kisio lake litafika kwa bima na mahakamani kabla mchunguzi hajakanyaga majivu, na huenda likamtia hatiani mtu asiye na kosa.

Mfano ninaourudia ni wa London, alfajiri ya tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower lenye ghorofa 24 likiwaka. Dany Cotton, mwanamke wa kwanza kuongoza zimamoto ya jiji hilo, alitoka kuzungumza na waandishi. Akataja saa ya simu ya kwanza, saa 6:54 usiku. Akataja magari 40 na askari 200. Kisha akakiri kwamba watu wamekufa, ila idadi hakuitaja. Jengo ni kubwa mno, hawezi kuithibitisha. Nje walikuwapo watu wanaotafuta ndugu zao. Kwao namba ya kukisia ingekuwa ukatili. Hesabu kamili, watu 72, ilikuja kukamilika mwaka uliofuata.

Lakini usiku uleule unaonyesha upande wa pili wa kazi hii. Wakazi walikuwa wameambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, na agizo hilo lilibatilishwa saa 8:47 usiku, karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2019 ilisema wazi kuwa lilichelewa kubatilishwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: ulimi uleule uwe mzito kwa chanzo na idadi ya waliokufa, uwe mwepesi kwa aliye hatarini.

Wepesi huo huanza kabla ya moto, kwa hiyo hapa Tanzania nawapenda maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanaozunguka shuleni, masokoni na redioni wakati hakuna kinachowaka. Ukisikia harufu ya gesi, wanafundisha, usiguse swichi wala kuwasha kiberiti. Fungua milango na madirisha, funga mtungi, toka nje. Wanayarudia hayo kwa sauti ileile ya utulivu, kwa mama lishe na kwa mkurugenzi.

Namba yao ni 114, na kuipiga ni bure. Ukipiga, taja mtaa, alama iliyo karibu, kinachoungua, na kama kuna watu ndani. Usiipige kwa mzaha, na usiwaruhusu watoto kuichezea.