Aliyeshindwa Kuinua Ngoma

Mwishoni mwa 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, ikulu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe, akasimuliwa jinsi mwenyeji wake alivyotwaa ufalme. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe waliwekewa ngoma ndogo. Uzito wake haukuwa kitu, ila ilisheheni dawa. Aliyeridhiwa na mizimu ndiye pekee angeiinua. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole cha mwisho.

Hapo msimulizi wa ikulu hutosheka. Mtunzi ndipo anapoanza kazi. Rumanyika hanisumbui, kapata alichotaka, na aliyepata alichotaka hana kisa mpaka aanze kukipoteza. Namtaka nduguye, yule ambaye Speke alimwandika Rogero. Aliinama mbele ya wazee, akashika ngoma ambayo mtoto angeibeba, ikamkatalia. Mikono yake aliipeleka wapi baada ya hapo? Aliamini mizimu imemkataa, au alimtupia jicho aliyeitia dawa? Tumeambiwa tu kwamba aliasi. Kati ya kuinama na kuasi kuna usiku, kuna mke, kuna mama (huenda mama ndiye aliyelitamka neno lenyewe), na kote huko hakuna shahidi. Raha ya utunzi iko huko: kuingia bila kupiga hodi.

Tena sanaa hii haidai ikulu. Nenda Nkwenda au Murongo, wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wakati mibuni inachanua. Hukosi mkulima aliyekwisha kuuza kwa butura: fedha kapokea, na kahawa ambayo bado ni maua si yake tena. Kuandika kwamba ni maskini hakutoshi. Umaskini si tabia. Mpe sababu: ada ya shule, mgonjwa, au mahari anayoona haya kuchangiwa. Mnunuzi naye asiwe shetani. Mfanye shemeji yake, mcheshi, asiyekuja bila soda za watoto. Halafu wakutanishe shambani siku ya kuchuma, wote wawili wakiongea kuhusu mvua, maana watu wenye deni baina yao huongea sana kuhusu mvua.

Tukio hilo nililiandika hivyo hivyo, nikidhani nimewapanga wote. Kumbe mke wa mkulima, ambaye siku ya kuuza hakuulizwa, alikuwa akichuma upande wa pili na ameshaficha debe zima migombani. Sikumtuma, nilikuwa nimeshughulika na wanaume.